Tulitandika Nyasi Mbele ya Televisheni

Ninyi mnaogusa kioo kwa kidole na dunia ikawajia, haya nawaandikia ninyi. Wazee wenzangu hawana haja nayo. Wengine walikuwepo, na ambao hawakuwepo wamesimuliwa mpaka wamechoka. Ninyi ndio mtakaosema, "Bibi, si ungeunganisha tu?" Neno hilo "tu" liacheni mlangoni na viatu vyenu. Someni mpaka mwisho, halafu mniambie ningeunganisha wapi.

Nilivunjika paja wakati wa mvua, ndani ya kibanja changu mwenyewe cha migomba, Kishanda. Nilikwenda kukata mkungu wa jioni, nikakanyaga gamba bichi la mgomba, nikaenda chini kwa ubavu. Nilisikia kitu kimekatika ndani kama ukuni mkavu. Hospitalini walinitia chuma, wakanirudisha nyumbani na amri zao: mguu usikanyage chini, nyonga isipinde, nilale chali mpaka waseme wao. Mtu niliyezoea kuamka kabla ya jogoo nikawa wa kugeuzwa na kuogeshwa kama kichanga. Mkamwana wangu akahamishia kitanda changu sebuleni ili nisikae peke yangu na dari. Mbele ya kitanda ndipo ilipokuwa televisheni. Mjue basi kwamba sikuifuata televisheni. Niliwekwa mbele yake.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja. Kwa mama yetu tulizaliwa wengi, tukabaki wawili. Mimi niliolewa hapa hapa Muleba. Yeye akaolewa Bukoba mjini, mtaa wa Kashai, kwa mwanamume Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Sisi ni Walutheri. Baba yetu alisema maneno siku ile ambayo sitayaandika. Mdogo wangu akabadili dini, akabadili jina, kicheko hakukibadili. Baba akakaa miaka bila kumtaja. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea ndizi, nashuka stendi ya Bukoba na mkungu kichwani, na yeye hakuniacha nirudi mikono mitupu. Alinifungia samaki wa Kemondo, na msimu wake ukifika alinifungia senene, panzi wetu wa kuliwa, aliowachambua mwenyewe, mabawa na miguu, hata mguu mmoja usibaki. Aliyewahi kuchambua senene anajua hiyo ni kazi unayomfanyia nani.

Wiki chache baada ya mimi kulazwa hivyo, mwanawe alipiga simu asubuhi. Mwana wa mdogo wangu ni mwanangu. Ni mtu mzima mwenye mvi, na bado ananiita mama mkubwa na waitu, yaani wetu, kwa Kihaya.

"Mama mkubwa, waitu, umeshakunywa uji?"

Nikajua. Mtu hapigi simu kutoka Bukoba saa moja asubuhi kuulizia uji.

"Sema," nikamwambia.

"Mama ametutoka. Alfajiri. Aliswali, akajilaza tena, hakuamka."

"Mnazika lini?"

"Leo hii. Tukishaswali adhuhuri tunaondoka naye."

"Nisubirini."

Nikasikia watu nyuma yake wakiburuta viti.

"Mama mkubwa, kwetu maiti haisubiri. Na wewe na mguu huo..."

"Mguu ni wangu. Nimesema mnisubiri."

"Sina uwezo huo, mama," akasema.

Dini yao siilaumu. Wao wana haraka na sisi tuna hotuba ndefu, na marehemu hajawahi kurudi kusema ipi bora. Lakini sikilizeni namna tulivyozoea. Kwetu mtu anayekwenda msibani huanza kulia kabla hajafika. Akifika njia panda anaachia sauti, wenye msiba wanamjibu kutoka ndani, na akiingia anaketi nao chini juu ya nyasi mbichi. Anamuaga maiti kwa macho yake. Anaona akishushwa. Anatupa udongo. Hapo moyo unakuwa umeambiwa, hauna pa kubishia.

Mimi sikuambiwa. Saa saba ilifika nikiwa chali natazama bati, ikapita. Chozi halikuja. Majirani walikuja kunipa pole nikawaitikia vizuri, kama mtu anayepewa pole ya mafua. Kesho yake vile vile. Wiki ikaisha nimekauka kama pumba. Kuna wakati nilijikuta nikimwambia mkamwana wangu amwekee mdogo wangu maharage, tutayatuma Jumatatu. Mkamwana akanitazama. Nikasema moyoni: nikimwona anashushwa, nitalia. Sikutaka kitu kingine duniani, wala mguu sikuuombea. Nilitaka kumwona akishushwa.

Ndipo yule mwanangu wa Kashai akapiga tena.

"Mama mkubwa, usihuzunike sana. Mazishi tumerekodi. Nimemtumia mjukuu wako kwenye simu."

Mjukuu huyo ni binti wa mkamwana wangu. Anasuka nywele Kashai na amepanga chumba huko huko. Yeye alikuwepo siku ya msiba, lakini wanawake walibaki nyumbani, makaburini walikwenda wanaume, kwa hiyo naye hakuona. Alipokuja Jumapili nilimwambia alete hiyo simu. Akapiga magoti kando ya kitanda, akanishikia kioo mbele ya pua.

"Unaona, Bibi? Huyu hapa ni baba wa Kashai."

"Huyo ni punje ya mchele."

"Ni baba, Bibi. Amevaa kanzu."

"Basi ni punje ya mchele iliyovaa kanzu. Macho yangu siku hizi hayashiki vidogo, unajua."

Akakaza kioo, akakikuza kwa vidole, nikaona weupe mkubwa usio na kichwa wala miguu. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe ameitazama mpaka mwisho.

"Nilianza tu, Bibi. Walipombeba nikaizima. Sikuweza."

Halafu akapata wazo, uso ukamng'aa kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Bibi, nina kidude changu kule chumbani. Unakichomeka nyuma ya televisheni, halafu kilichoko kwenye simu unakiona kwenye televisheni, kikubwa, kama sinema. Mimi tamthilia zangu zote naziangalia hivyo. Jumamosi nitakuja nacho."

"Nitamwona akishushwa?"

"Utaona kila kitu, Bibi."

Msimcheke. Alisema kwa moyo mweupe.

Jumamosi asubuhi nilimwita mkamwana wangu, nikamwambia atoe makochi nje na akate nyasi, atandike.

"Mama, nyasi za nini? Ni kutazama video."

"Ni kuzika."

"Lakini mama mdogo alishazikwa, mama."

"Na mimi nilikuwepo?"

Akachukua panga akaenda. Ni mwanamke mwema, anajua mahali pa kuishia. Na mimi nilikuwa nimeshamtuma jirani yangu tangu Ijumaa. Jirani huyu ni mjane kama mimi, tuliolewa hapa mwaka mmoja, ulimi wake mkali kuliko wangu. Nilimwambia awaambie watu kwamba Jumamosi saa nane tunamzika mdogo wangu nyumbani kwangu. Wengi wao walicheza naye utotoni, na hakuna aliyewahi kwenda Kashai siku ile. Sikueleza mambo ya kidude. Ningeelezaje kitu nisichokijua? Nilisema tunamzika, basi.

Mjukuu wangu alifika na kidude chake mchana. Ni kitu cheusi, ukubwa wa kiberiti, kina mkia mfupi. Mimi nilitegemea kitu cha heshima zaidi. Yeye na mama yake wakaigeuza televisheni kutafuta tundu nyuma, wakachomeka mkia. Kumbe hakikutosheka na tundu, kilitaka na umeme wake peke yake, kwa waya mwingine. Wakachomoa pasi, wakachomeka hicho. Televisheni ikawaka, ikaleta milima.

Milima mikubwa yenye theluji. Kisha bahari ya buluu. Kisha msitu ambao majani yake ni mekundu.

"Hapo ni wapi?" nikauliza.

"Si mahali, Bibi. Kinasubiri tu, ndiyo picha zake za kusubiria."

Na hapo hapo nikasikia kilio njiani.

Alikuwa jirani yangu, mbele ya wote. Aliachia sauti pale kwenye njia panda, kama inavyotakiwa, akimwita mdogo wangu kwa jina lake la zamani, lile la ubatizo. Nyuma yake wanawake wakamjibu. Wengine walibeba kuni, wengine ndizi, kama watu waendao msibani, maana walikuwa wanakwenda msibani. Mjukuu wangu alibaki na rimoti mkononi, mdomo wazi.

"Bibi, umewaambia nini hawa?"

"Nimewaambia ukweli. Fanya kazi yako."

Wakaingia, wakaketi juu ya nyasi, wakajaa mpaka mlangoni. Walilia wakinitazama mimi, kisha wakalia wakitazama televisheni. Televisheni ikawaonyesha mto wenye maua kingoni. Mmoja wa wazee akapangusa macho, akauliza kwa adabu, "Ndiko alikozikwa huko?"

Mjukuu wangu akaanza kuelezea. Kule kwake Kashai mwenye nyumba ana intaneti ya nyumba nzima, kwa hiyo kidude kinapata chakula chake humo. Hapa intaneti hakuna. Simu yake inaweza kukipa, lakini kwa kufanya hivyo inagoma kutuma picha. Zinahitajika simu mbili: moja ya kutoa mtandao, moja ya kutuma picha. Simu ya mkamwana wangu ni kitochi, haina hata kamera. Mwanangu mumewe, mwenye simu kubwa, alikuwa kazini bandarini Kemondo. Mimi naelewa haya sasa kwa sababu nimeelezwa mara nyingi. Siku ile nilichosikia ni kwamba maiti imekwama.

Mwalimu wa kwaya wetu alikuwepo, akatoa simu yake kifuani. "Ina bando la wiki," akasema. "Tumieni."

Tukashukuru. Wakaiweka dirishani, maana ndani mtandao ni hafifu. Kidude kikaipata simu ya mwalimu, kikafurahi mno, kikaacha kuonyesha maua. Kikaleta maandishi na kiduara kinachozunguka.

"Sasa kinafanya nini?"

"Kinajisasisha, Bibi. Kimekaa muda bila... Ngoja kidogo. Kikimaliza tu."

Tukangoja. Watu wakaanzisha wimbo wa kuaga, wakaumaliza ubeti kwa ubeti. Kiduara kinazunguka. Mwalimu wa kwaya akaanzisha mwingine. Kiduara kinazunguka. Kilipokwisha kuzunguka, simu ya mwalimu ikalia ti-ti dirishani. Bando la wiki lilikuwa limekwisha. Kidude kilikuwa kimelila lote kwa kujipamba chenyewe, kabla hakijatuonyesha hata ukucha wa marehemu.

"Maiti gani hii inayodai vocha?" jirani yangu akasema.

Mtu mmoja akacheka huko nyuma, akajifanya anakohoa.

"Wewe mwanamke," nikamwambia, "umekuja kulia au umekuja kusema?"

"Nimekuja kulia, mwenzangu. Nishalia. Nangoja nionyeshwe ninayemlilia."

Hakuwa amekosea. Hilo ndilo lililoniuma.

Mjukuu wangu akanunua bando jingine kwa simu yake, akalituma kwa mwalimu, akarudi, akabonyeza. Na kweli picha ikaja. Sitawadanganya: ilikuja nzuri. Niliuona ua wa nyumba ya mdogo wangu, ile karo ya kufulia, ule mlimao alioupanda alipozaa mtoto wa kwanza, upana wote wa televisheni. Nilimwona mwanangu na kanzu yake na mvi zake, wala si punje ya mchele tena. Wanaume wa kofia walijaa uani. Kisha jeneza likatoka mlangoni limefunikwa kitambaa cha kijani, likanyanyuliwa juu ya mabega.

Sebule yangu ililipuka. Wanawake walijitupa chini kwenye nyasi. Hata jirani yangu alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilikaza macho. Nilisema, sasa wanakwenda, sasa watafika, sasa nitaona.

Jeneza likavuka geti. Mwanamume mmoja wa mbele akainua mguu kuruka mtaro.

Mguu ukabaki juu.

Picha iliganda. Jeneza likaganda limeinama upande mmoja, mguu wa yule mtu ukining'inia juu ya mtaro, na juu ya wote hao kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kilio kikaendelea kidogo, kwa nguvu zake chenyewe, kisha kikapungua. Watu wakainua nyuso kwenye nyasi, mmoja mmoja, kuangalia kwa nini hawaendi.

"Mtandao," mjukuu wangu akasema. "Bibi, ni mtandao tu."

Nikamuuliza kama picha si imo ndani ya simu, mtandao wa nini tena. Akasema hapana, ni ndefu mno, haikuingia kwenye simu. Baba wa Kashai aliiweka mtandaoni, na simu inaivuta huko kidogo kidogo. Basi mdogo wangu hakuwa ndani ya simu, hakuwa ndani ya televisheni, na kaburini Bukoba mimi sikumwona akiingia. Nikauliza, "Sasa yuko wapi?" 

Mjukuu wangu akazima, akawasha. Ikaanza upya, tangu mwanzo. Ua, karo, mlimao. Jeneza likatoka, likanyanyuliwa. Wanawake wakalia tena, kwa adabu, lakini hamwezi kumlilia mtu mmoja kwa nguvu zile zile mara mbili katika saa moja. Jeneza likavuka geti. Safari hii yule mtu aliruka mtaro. Wakaenda hatua chache barabarani, bodaboda ikasimama kuwapisha, ikaganda. Bodaboda na jeneza, kiduara kikizunguka katikati.

Mkamwana wangu akatoka nje na simu ya mwalimu kuitafutia mtandao, akasimama kwenye mbuni wa kahawa huku ameinua mkono kama anayechuma. "Hapa je?" anapiga kelele. "Na hapa?" Ndani mjukuu anamjibu, "Bado, mama! Sogea kwa juu!" Na mimi nimelala. Mikono yangu ililima, ilizalisha wanawake kijijini hapa, ilipasua kuni, siku ile ilikuwa juu ya blanketi haina hata kitufe cha kubonyeza. Ngojeni mtu wenu afe kisha mlazwe chali mngojee mtoto na rimoti, ndipo mtajua ninachosema.

Mara ya tatu ikaanza. Ua. Karo. Mlimao. Jeneza likatoka. Hakuna aliyelia. Watoto wawili waliokuwa mlangoni walikuwa wameshaikariri, mmoja akamwambia mwenzake, "Ngoja, sasa yule anaruka," na yule akaruka, wakacheka. Mama yao akawatandika kofi. Jeneza likaenda likaenda, likapita duka la kona ninalolijua, ikawa natamani hata kupumua nisipumue. Likafika kwenye kona ya pili. Likaganda.

Mara tatu mdogo wangu alinyanyuliwa, na mara tatu hakufika.

"Kama hataki kuzikwa," jirani yangu akasema polepole, "tumwache." Safari hii hakuna aliyecheka, na hata yeye hakuwa anachekesha.

Mjukuu wangu aliketi chini akalia. Alilia kwa hasira, rimoti ikiwa mapajani mwake. "Bibi, nisamehe. Kashai inafanya kazi. Nakuapia Kashai inafanya kazi."

"Najua inafanya kazi. Mpigie baba yako huyo wa Kashai."

Akapiga, akaweka sauti ya nje, akaniwekea simu kifuani. Mwanangu akaitika, nyuma yake nikasikia mtaa wa Kashai, pikipiki na watoto.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Hii picha yako inakwama njiani. Imefika kona ya pili. Mbele ya pale kuna nini?"

"Mbele ya pale? Wanaendelea tu mpaka getini, mama."

"Geti gani?"

"La makaburini."

"Halafu?"

"Halafu basi, mama mkubwa. Tulipofika getini mzee mmoja wa msikitini alimwambia kijana wetu aweke simu mfukoni. Alisema pale si mahali pa kupiga picha. Na kweli si mahali pake. Akaiweka."

Nyumba nzima ilikuwa imesikia. Nilitazama ile televisheni. Jeneza lilikuwa bado limesimama pale konani, na sasa nikajua kwamba hata lingekwenda, hata ningepewa mtandao wote wa Tanzania nzima, lisingefika nilipotaka lifike. Kushushwa hakukuwepo. Hakukuwahi kuwepo.

"Uliniambia mmerekodi mazishi," nikasema.

"Nilisema mazishi, mama, kweli. Hayo ndiyo tuliyorekodi. Sikujua kama wewe unatafuta..."

Yule mzee wa msikitini simjui, na sina ugomvi naye. Hata kwetu pangekuwa na mtu wa kusema hivyo, pengine tungekuwa watu bora kidogo. Lakini nilikuwa nimejaza nyumba watu.

Nikamuuliza, "Kaburini nani aliingia kumpokea?"

"Mimi na wadogo zangu."

"Wewe ulimshika wapi?"

"Kichwani, mama mkubwa. Mabegani."

 

"Alikuwa mzito?"

 Nikangoja. Nilidhani mtandao nao umekufa, nikamwambia mjukuu wangu atazame kama simu inaendelea. Akatikisa kichwa kwamba inaendelea. Ndipo nikamsikia. Mtu yule mzima alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo, kama anavyovuta mtoto aliyeanguka ambaye bado hajapata sauti ya kulia.

"Mwepesi," akasema. "Alikuwa mwepesi, mama. Nilijiandaa kwa uzito, nikaweka miguu vizuri, halafu waliponipa... Hakuwa na kitu. Alikuwa mwepesi kama..."

Hakumaliza. Akaanza kulia huko Kashai, barabarani au dukani sijui, na mimi niko Kishanda na chuma pajani, siwezi hata kumshika bega. Nilisema, "Mwanangu. Mwanangu." Sikuwa na jingine. Kisha simu ikakatika, sijui ni yeye au ni vocha.

Tangu utotoni mdogo wangu nilikuwa nambeba mimi. Mama alinifunga yeye mgongoni mimi mwenyewe nikiwa mtoto, nikaenda naye kuteka maji. Alikuwa mzito vibaya, mtoto wa kula. Nilikuwa nafika kisimani shingo inauma, namwambia, "Wewe mtoto, utanivunja."

Macho yakaanza kuniwasha. Watu wote wale walikuwa wananitazama, wameacha televisheni wananitazama mimi, jirani yangu akiwa wa kwanza. Mkamwana alikuwa amerudi kutoka kwenye mbuni, amesimama mlangoni na simu ya mwalimu mkononi, hajui kama aendelee kuinyanyua au aishushe.

"Weka hiyo simu," nikamwambia. "Hawa watu wapeni chakula. Wewe na mwanao njooni mnigeuze nitazame ukuta, na mtu asinisemeshe mpaka nitakapoita mwenyewe."